Simu Hutambuaje Lugha ya Mwananchi? Ufafanuzi kwa Watumiaji wa Huduma za Mtandao Handeni na Korogwe

HANDENI/KOROGWE, Tanga: Mkulima wa Mkata, wilayani Handeni, na mfanyabiashara wa Mombo, wilayani Korogwe, wanaweza kufungua tovuti moja ya taasisi ya umma kwa dakika ileile, mmoja akapokea ukurasa wa Kiswahili na mwingine akapokea wa Kiingereza. Hakuna kati yao aliyechagua. Anwani waliyoandika ni moja, tangazo ni moja, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi ni moja. Tofauti imeletwa na programu, ambayo kabla ya kuonesha neno lolote imekisia kila mmoja wao anapendelea lugha ipi.

Kwa mwananchi anayesoma Kiingereza kwa shida, kosa la ukisiaji huo lina gharama. Tangazo la ruzuku ya mbolea lenye sharti moja lisiloeleweka laweza kumfanya mkulima akose pembejeo kabla ya mvua kuanza. Maelekezo ya dawa ya mifugo yasiyosomeka humlazimu mfugaji kumtegemea mtu wa pembeni, ambaye naye huenda hakuyaelewa. Wengine hulipa nauli hadi mjini ili kuuliza jambo ambalo lilikwishaandikwa kwenye simu zao, ila kwa lugha nyingine.

Makala haya yanaeleza namna programu inavyotambua lugha ya mtumiaji, mahali inapokosea, wajibu wa watengenezaji wa mifumo, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua mwenyewe ili ahudumiwe kwa lugha anayoielewa.

Lugha katika huduma za umma

Haki ya mwananchi kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa maisha yake imewekwa katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na imepewa utaratibu na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwaka 2021, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya shughuli za utoaji haki. Kwa upande wa teknolojia, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo inayosimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Taarifa iliyoandikwa kwa Kiswahili lakini isiyomfikia msomaji kwa sababu simu yake imeoneshwa ukurasa mwingine ni sawa na barua iliyopelekwa kwenye nyumba isiyo yake. Kwa hiyo utambuzi wa lugha ni sehemu ya utoaji wa huduma yenyewe.

Dalili ambazo programu huzitumia

Programu haina njia ya kuijua lugha ya mtu. Inachoweza kufanya ni kusoma dalili, na dalili hizo hazina uzito ulio sawa.

Dalili ya kwanza ni mpangilio wa lugha katika simu au kompyuta. Mtu anapofungua tovuti, kivinjari chake hutuma kwa seva maelezo mafupi pamoja na ombi la ukurasa. Miongoni mwa maelezo hayo imo orodha ya lugha anazopendelea mtumiaji, zikiwa zimeandikwa kwa alama za kimataifa. Kiswahili huandikwa "sw", na Kiswahili cha Tanzania huandikwa "sw-TZ". Kiingereza huandikwa "en". Kila lugha inaweza kuambatana na namba ya kipaumbele kati ya 0 na 1. Simu inayotuma "sw-TZ", kisha "sw" kwa uzito wa 0.9, kisha "en" kwa uzito wa 0.8, inasema hivi: nipe Kiswahili cha Tanzania, kisipokuwepo, nipe Kiswahili chochote, na hicho kikikosekana, nitavumilia Kiingereza.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini una udhaifu mmoja mkubwa kwa mazingira ya Tanzania. Simu nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza tangu dukani, na wanunuzi wengi huziacha hivyo. Simu ya namna hiyo hutangaza kuwa mwenye nayo anataka Kiingereza, mara nyingine hata Kiingereza cha Marekani, ilhali mwenyewe hakuulizwa. Zaidi ya hayo, baadhi ya vivinjari hutuma lugha moja tu badala ya orodha nzima kwa ajili ya kulinda faragha, hivyo Kiswahili kilichowekwa nafasi ya pili hakiifikii seva kabisa.

Dalili ya pili ni mahali mtumiaji alipo, panapokisiwa kutokana na anwani ya intaneti ya kifaa chake. Dalili hii ni dhaifu. Mawasiliano ya simu ya mtu aliye Korogwe yanaweza kupitia mitambo iliyo Dar es Salaam, na mfumo ukamhesabu kuwa yuko huko. Hata pale mahali panapotambuliwa kwa usahihi, mahali si lugha. Mgeni kutoka nje ya nchi anayepita Segera akielekea Moshi hawi msomaji wa Kiswahili kwa kuwa tu amesimama Segera.

Dalili ya tatu ni maandishi ya mtumiaji mwenyewe, kama vile swali aliloandika kwenye kisanduku cha kutafutia au ujumbe aliotuma kuomba msaada. Dalili ya nne, iliyo na nguvu kuliko zote, ni chaguo alilolifanya kwa kubonyeza neno "Kiswahili" au "English". Chaguo hilo ni kauli ya mtumiaji. Dalili nyingine ni makisio kumhusu.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji makini ni kuzipanga dalili hizo kwa uzito wake: kwanza chaguo la mtumiaji, kisha mpangilio wa kifaa, na mwisho lugha ya awali iliyowekwa na taasisi. Mahali alipo mtumiaji panaweza kusaidia kupendekeza, lakini pasitumike kuamua.

Lugha nyingi katika wilaya mbili

Handeni na Korogwe zinaonesha kwa uwazi kwa nini kukisia lugha kwa kutazama ramani hakufai. Handeni ni eneo la Wazigua, na humo mnaishi pia wafugaji wanaozungumza Kimaasai, wakiwemo wakazi wa Msomera waliohamia kutoka Ngorongoro kuanzia mwaka 2022. Katika makazi ya Chogo, wilayani humo, zipo familia zenye asili ya Kizigua ambazo mababu zao walichukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19, na ambazo zilirejea Tanzania zikikimbia vita. Korogwe ina Wasambaa, Wabondei na Wazigua, pamoja na vizazi vya watu waliotoka mikoa mbalimbali na nchi jirani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Katika mazingira hayo, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu sokoni, shuleni, zahanati na katika ofisi ya kijiji. Hata hivyo, lugha za jamii hizo zina nafasi yake katika viwango vya kimataifa vya teknolojia. Kizigua kina alama "ziw", Kibondei "bou", Kisambaa "ksb" na Kimaasai "mas". Alama hizo zina herufi tatu, tofauti na "sw" ya Kiswahili, kwa kuwa orodha ya herufi mbili ina nafasi chache na ilizihusu lugha kubwa zaidi.

Kisambaa kimepiga hatua nyingine. Kimo katika hazina ya taarifa za lugha inayotunzwa na taasisi ya kimataifa ya Unicode, ambayo hutumiwa na watengenezaji wa simu na kompyuta kupata majina ya siku, miezi na namna ya kuandika tarehe katika lugha mbalimbali. Ndiyo maana katika baadhi ya simu, mtu anayetafuta orodha ya lugha hukuta jina "Kishambaa".

Ngazi ya kushukia

Hapo ndipo linapojitokeza kosa ambalo wengi hawalitarajii. Mkazi wa Bungu au Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, akiona Kishambaa kwenye orodha na kukichagua kwa kupenda lugha yake, simu itaanza kutangaza "ksb". Tovuti anayoifungua ina kurasa za Kiswahili na Kiingereza pekee. Programu hutafuta "ksb", haikuti, kisha hushuka hadi kwenye lugha ya awali. Ikiwa mtengenezaji aliweka Kiingereza kuwa lugha ya awali, mzungumzaji wa Kisambaa atapewa Kiingereza, ingawa kwa hakika angependelea Kiswahili.

Programu haikukosa akili, imekosa kuelekezwa. Haijui kuwa mtu aliyechagua Kisambaa, Kizigua au Kibondei nchini Tanzania kwa kawaida husoma Kiswahili. Ni lazima mtengenezaji aiandikie ngazi ya kushukia: kutoka lugha ya jamii hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Kazi hiyo huchukua mistari michache ya maelekezo, lakini hufanywa tu na mtu anayewajua wananchi anaowatengenezea mfumo.

Kosa la jamii hiyohiyo hutokea katika alama za Kiswahili chenyewe. Mfumo uliofundishwa kutambua "sw" pekee unaweza kushindwa kuelewa "sw-TZ", au ule ulioandaliwa kwa "sw-KE" ya Kenya ukamkataa mtumiaji wa Tanzania. Viwango vya kimataifa vinaelekeza kuwa alama kamili isipopatikana, programu iondoe sehemu ya mwisho na kujaribu tena, yaani kutoka "sw-TZ" hadi "sw", kabla ya kukimbilia lugha nyingine. Mfumo usiofuata utaratibu huo humnyima mwananchi ukurasa wa Kiswahili uliokwishatafsiriwa na kulipiwa.

Watumiaji wa simu za vitufe

Maelezo yaliyotangulia yanahusu simu janja na kompyuta. Mwananchi mwenye simu ya kitochi hana kivinjari kinachotuma orodha ya lugha. Anapopiga namba ya menyu, kama *152*00# inayotumika kwa huduma za Serikali kupitia simu za mkononi, mfumo hupokea namba ya simu na tarakimu anazobonyeza, na hauna dalili ya kuaminika kuhusu lugha yake.

Kwa watumiaji hao, njia sahihi ni kuuliza mara moja na kukumbuka jibu. Menyu ya kwanza iweke Kiswahili namba 1 na Kiingereza namba 2, kisha chaguo lihifadhiwe ili mtumiaji asirudie kuulizwa kila anapopiga, na kuwe na njia rahisi ya kulibadilisha. Swali linaloulizwa kila siku hula sekunde za menyu, ambayo hujifunga yenyewe mtumiaji akichelewa kujibu.

Ujumbe mfupi wa maandishi nao una masharti yake. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160. Taasisi isiyojua lugha ya mpokeaji hulazimika kutuma tangazo kwa lugha mbili, na hapo nafasi hugawanyika na maelezo muhimu hukatwa. Kiswahili kina bahati kwamba herufi zake zote zimo katika orodha ya kawaida ya simu. Tahadhari pekee ni kwa maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Mwandishi akinakili neno hilo kutoka kwenye programu ya uandishi inayopinda alama ya ritifaa, alama hiyo iliyopinda haimo katika orodha ya kawaida, na uwezo wa ujumbe mzima hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo la chanjo ya mifugo lililokusudiwa kuwa ujumbe mmoja huwa matatu, na gharama ya kulituma huongezeka vivyo hivyo.

Mwananchi anapoandika mwenyewe

Mifumo mingine husoma maandishi ya mtumiaji na kutambua lugha yake kwa kulinganisha mfuatano wa herufi. Maandishi yenye "nya", "kwa" na "wa" kwa wingi huelekea kuwa ya Kiswahili. Yenye "the" na "ing" huelekea kuwa ya Kiingereza. Njia hii hufanya vizuri kwa aya ndefu, lakini huyumba kwa ujumbe mfupi. Mtu akiandika "NIDA" peke yake, au namba ya kumbukumbu ya malipo, hakuna lugha ya kutambuliwa humo. Kadhalika, lugha za Kibantu hufanana katika viambishi na mizizi ya maneno, hivyo sentensi fupi ya Kizigua au Kisambaa inaweza kuhesabiwa kuwa Kiswahili chenye makosa. Watanzania wengi pia huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja.

Kwa sababu hiyo, matokeo ya utambuzi wa namna hii hufaa kutumika kama pendekezo. Mfumo unaoweza kuuliza "Je, ungependa kuendelea kwa Kiswahili?" humheshimu mtumiaji kuliko ule unaobadilisha ukurasa ghafla akiwa katikati ya kujaza fomu.

Lugha na faragha

Lugha anayoitumia mtu inaweza kudokeza kabila lake, asili yake au mahali alikokulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na linalofahamika. Mfumo unaohifadhi chaguo la lugha kwa ajili ya kumhudumia mtumiaji una sababu ya kufanya hivyo. Kumkisia mtu kabila kwa jina lake la ukoo au kwa kijiji chake, kisha kumpangia lugha, ni jambo jingine. Pamoja na kuingilia faragha, hukosea mara kwa mara. Mtoto wa Kizigua aliyekulia Tanga mjini huenda hasomi Kizigua, na mtumishi wa Handeni anayeitwa kwa jina la Kisambaa huenda alizaliwa Morogoro.

Tafsiri kamili kwanza

Utambuzi sahihi hauna faida ikiwa hakuna cha kuonesha. Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika programu za kompyuta zina historia nchini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilionesha kuwa tafsiri ya programu inahitaji istilahi zinazokubalika, eneo ambalo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967, lina wajibu nalo.

Changamoto inayosalia katika mifumo mingi duniani ni tafsiri ya nusu: kichwa cha ukurasa ni cha Kiswahili, lakini kitufe cha kutuma maombi na ujumbe wa kosa ni vya Kiingereza. Ujumbe wa kosa ndio unaosomwa na mtu aliyekwama. Ukiwa katika lugha asiyoielewa, safari yake inaishia hapo.

Inashauriwa pia kitufe cha kubadili lugha kionekane juu ya kila ukurasa, na kila lugha iandikwe kwa jina lake yenyewe badala ya bendera. Kiswahili hutumika katika nchi nyingi, na hakina bendera moja. Aidha, kila ukurasa wa lugha uwe na anwani yake, ili mwenyekiti wa kijiji anayesambaza tangazo kwenye kundi la WhatsApp awe na hakika kuwa wote watafungua ukurasa uleule alioufungua yeye.

Hatua kwa mwananchi

Mwananchi hana haja ya kusubiri mifumo irekebishwe. Katika simu nyingi janja za Android zilizowekwa Kiingereza, afungue sehemu iliyoandikwa "Settings", yenye alama ya gurudumu la meno, kisha atafute "System" au "General management" na kuchagua "Languages". Aongeze Kiswahili (Tanzania) na kukivuta hadi nafasi ya kwanza. Anayependa kuweka Kishambaa au lugha nyingine ya jamii yake aihakikishie simu kuwa nafasi ya pili ni Kiswahili. Kwa iPhone, njia ni "Settings", kisha "General", kisha "Language & Region". Hata pale menyu za simu zenyewe zisipobadilika, tovuti na programu zinaweza kupokea taarifa ya lugha anayoipendelea.

Akifungua tovuti na kukuta lugha asiyoitaka, atafute neno "Kiswahili" au herufi "SW" juu au chini ya ukurasa kabla ya kukata tamaa au kumlipa mtu kumtafsiria. Kwa mwenye simu ya kitochi, achague lugha katika menyu ya kwanza pale anapoulizwa, na asimpe mtu mwingine namba yake ya siri kwa kisingizio cha kusomewa maelezo.

Mwisho, akikuta huduma ya umma ambayo ukurasa wake wa Kiswahili haufunguki, umetafsiriwa nusu, au unarudi kwenye Kiingereza kila mara, aiarifu taasisi husika kupitia dawati la msaada au ofisi ya halmashauri yake, akieleza aina ya simu, anwani ya ukurasa na lugha aliyoichagua. Maelezo hayo matatu humwezesha fundi wa mfumo kulipata kosa haraka, na marekebisho yake yatamnufaisha kila mwananchi mwenye simu kama hiyo.